Koti la Turbo

Baba alikuja gereji mara ya tatu wiki ile, na maneno yalikuwa yaleyale. Akifika juu ya mlima wa tangi la maji, pedali ya klachi inazama mpaka chini na gia haziingii. Nami nikafanya kama nilivyofanya mara mbili za mwanzo: nikamwambia aegeshe kivulini, nikamalizia kazi za watu wengine, injini ikapoa, ndipo nikafungua boneti. Pedali ilikuwa ngumu kama kawaida na gia ziliingia bila shida.

Sina subira, hilo nalikiri. Nikamuuliza, "Baba, una hakika unakanyaga mpaka mwisho?"

"Nilianza kukanyaga klachi kabla mama yako hajalijua jina langu," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Alipanda gari akaondoka taratibu, na nilimwona akilisugua goti la kushoto kabla ya kuingiza gia. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja mfupa.

Baba alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akiendesha gari la bekari. Mwenye bekari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshamwambia wazi: "Mzee wangu, sikufukuzi. Lakini miguu huchoka. Ukikwama tena mlimani, Ijumaa funguo nampa mtu mwingine." Tangu hapo Baba alikuwa akiamka mapema na kuzunguka ua, akihesabu hatua. Alidhani hatumwoni.

Alhamisi akanipigia simu. Amekwama juu ya mlima, mikate imejaa nyuma. Nikachukua pikipiki ya gereji nikapanda nayo mbio. Nilimkuta amesimama mbele ya gari kama mlinzi.

"Ngoja ipoe kwanza," akasema.

Hiyo ni sheria yake. Nilipokuwa na miaka tisa niliweka kiganja changu juu ya ekzosi, lile bomba la moshi la gari, na kovu ninalo mpaka leo. Siku nilipofungua gereji yangu, Baba alikuja na rangi akaandika ukutani kwa mkono wake: HATUFUNGUI BONETI GARI LIKIWA MOTO. Tumeifuata sheria hiyo kama sala. Na pale mlimani ndipo iliponijia kwamba mara zote tatu nilikuwa nimelitazama gari likiwa limepona.

"Leo sisubiri," nikasema, nikavaa glavu.

Boneti ya gari lile haina chuma cha kuishikilia, kwa hiyo Baba aliiinua kwa mikono yake huku akinung'unika. Joto likanipiga usoni. Nilifungua kikopo cha mafuta ya klachi nikakuta yanatoa mapovu. Nikafuata bomba lake kwa macho: linapita karibu kabisa na turbo, kile kipulizio cha injini kinachopata moto kama jiko, na turbo yenyewe iko uchi. Mafuta yalikuwa yanachemka ndani ya bomba kila gari lilipopanda mlima, na mafuta yakichemka hayasukumi kitu. Yakipoa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Halafu nikaona matundu manne matupu ya bolti, nikayatambua.

Miezi miwili nyuma mimi ndiye niliyebadilisha turbo ile. Bolti za bati la kukinga joto zilikatika kwa kutu, nikaliweka bati pembeni, nikasema nitalirudisha kesho. Kesho hiyo haikufika. Fundi wetu wa umeme, ambaye tunamwita Fyuzi kwa kuwa huungua haraka, alilikunja makali akalifanya kizoleo cha taka. Kila jioni nilikuwa namwona akizolea vumbi kwa bati la baba yangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Umeona nini?" Baba akauliza.

"Nimeona joto," nikasema. Sikuwa na moyo wa kusema zaidi.

Gari lilipopoa tulilishusha gereji. Nilimwaga mafuta ya zamani ya klachi, nikalisogeza bomba lake mbali kadiri lilivyoweza. Niliisugua ekzosi mpaka ikang'aa, nikauloweka utepe wa kukinga joto kwenye ndoo, nikauzungusha ukiwa umelowa, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, nikaukaza kwa vibanio vya chuma. Turbo nikaivisha koti nene upande wa moto tu. Utepe ule unawasha kama upupu, na Fyuzi alijikuna mpaka shingoni. Sikumwonea huruma.

Kisha ikabaki kutoa hewa kwenye klachi. Mimi nililala chini ya gari, Baba akakaa kwenye usukani. "Kanyaga. Shika. Achia." Tulifanya hivyo labda mara arobaini. Pedali haikutetemeka hata mara moja chini ya mguu wake, na mimi kule chini nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa asubuhi mwenye bekari alikuja gereji mwenyewe, pamoja na mlinzi wake, kuchukua funguo. Gari lilipowaka, utepe ukaanza kufuka moshi, na mlinzi wake akaja mbio na ndoo ya mchanga. Nikamzuia. Utepe mpya hufuka mwanzoni, halafu huacha. Ukaacha.

Tulipanda mlima watatu kwenye kiti cha mbele, mikate nyuma. Juu kabisa Baba alizima injini, tukakaa robo saa, maana joto hupanda zaidi gari likisimama. Akawasha. Akakanyaga. Gia ikaingia.

Nikapiga moyo konde. "Mama, mguu wake hauna neno, na haukuwa na neno tangu mwanzo. Bati la kukinga joto nililivua mimi na sikulirudisha. Kosa ni langu."

"Basi funguo zibaki zilipo," mwenye bekari akasema. "Na wewe utanihudumia gari hili bure mpaka nisahau."

Baba alikuwa bado ameshikilia usukani. "Kwa hiyo si mguu?"

"Si mguu, Baba. Nisamehe."

"Si mguu," akarudia, na pumzi aliyoishusha hapo nadhani alikuwa ameibana wiki nzima. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati huku anacheka. Nami nikalia, kwa aibu na kwa nafuu, sijui ipi ilitangulia.

Kisha akapeleka mkono nyuma ya kiti akatoa mkongojo mpya, bado umefungwa karatasi ya dukani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ameununua. Akaupima kwa macho, akanikabidhi.

"Chukua," akasema. "Huu utashikilia boneti."