Mpishi wa Tangi la Bwera

Tangi la maji taka la Bwera liligoma kula wiki mbili kabla ya ukaguzi. Tope la vyoo liliingia kama kawaida, lakini badala ya kumeng'enywa na kutoa gesi, likachacha, povu likafika mfunikoni, na watu wa jirani wakaanza kutembea na leso puani. Mhandisi Shallon, mkaguzi wa matangi, akapiga simu kutoka Kasese: Ijumaa ya pili angekuja kunywa chai iliyochemshwa kwa gesi ya tangi hilo. Akiikosa chai, Jonan, mtunzaji wa tangi, atafute kazi nyingine.

Jonan aliogopa, tusifichane. Kule kwao Mahango mama yake alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni fundi mitambo.

Aliyemwokoa, kama huko ni kuokoka, ni Mama Consolée, Mkongomani wa Butembo aliyewapikia wafanyakazi. Alimkuta akimwaga tope la lori zima kwa mpigo, kama alivyofanya kila Jumatatu ili apumzike mpaka Jumatatu nyingine.

"Mutoto yangu, mule ndani beko nani?" aliuliza, kwa Kiswahili cha kwao kinachogeuza wa kuwa ba.

"Vijidudu, mama. Ndio inakula hii tope."

"Na unabapa chakula ya wiki muzima siku moja? Baridi? Bila kubaambia karibu? Hiyo tumbo iko na kiungulia."

Tangu hapo tangi likawa mgeni wa Mama Consolée. Ndoo moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, tope likiwa limepashwa juani kwenye mapipa meusi. Majivu ya jikoni yakatibu kiungulia. Kutoka machinjioni zikaja taka za matumbo ya ng'ombe na vijidudu vyake, "benye kujua kula, babafundishe bengine." Na kabla ya kila ndoo Jonan avue kofia, aseme karibuni. Alisema, huku akichungulia kama yuko anayemwona.

Siku ya tisa povu lilishuka. Siku ya kumi na moja jiko likawaka moto wa buluu, na Jonan akalia machozi.

Ijumaa Mhandisi Shallon alikunywa vikombe viwili. "Sasa nionyesheni namna mnalisha."

"Leo hapana kula," akasema Mama Consolée. "Ni Kwaresima. Ijumaa inafunga."

Jonan akafumba macho. Kazi ndiyo hiyo inakwenda na maji.

"Tangi ni Mkatoliki?" akauliza Shallon.

"Mwenye kuipikia ni Mukatoliki. Mugeni anafuata nyumba."

Shallon akautazama ule moto, ambao mfano wake hakuwahi kuuona kwenye tangi lolote alilokagua. Akafungua daftari, akaandika.

Barua ya Shallon ilifika baada ya Pasaka, na mhuri juu. Matangi yote yapumzishwe Ijumaa. Yakaribishwe kwa sauti kabla ya kulishwa. Jonan abaki kazini. Cheo chake alikisoma mara tatu: Mpishi Msaidizi, chini ya Mama Consolée.

Jumapili mama yake akamsimamisha mbele ya kanisa aeleze kazi yake.

"Napikia wageni," akasema Jonan.

"Wangapi?"

"Hawahesabiki, mama."

"Na wanashiba?"

Jonan akafikiri. "Siku hizi wanashiba."

Mama akawageukia majirani, uso umemjaa fahari. "Ni hoteli," akawaambia.