Mtakatifu wa Dakika Tatu

Tangu mwimbaji Sadashivrao aigize mtakatifu kwenye filamu, watu wa mji wake wa Miraj, huko India, walisahau kwamba mtakatifu mwenyewe alikufa zamani, na kwamba ndevu zile zilikuwa za gundi. Walimletea nazi na maua mlangoni. Mmoja alimleta nyati wake wa maziwa aliyeugua, aguswe. Nyati akapona, au pengine alichoka kusubiri. Mke wa Sadashivrao, Ambutai, alifagia maua yao kila asubuhi. Yeye alimjua mtakatifu huyu anavyogomba chai ikikosa tangawizi.

"Baba Vasanti," alimwambia siku ya kuwakumbuka walimu wa kale, "leo Ustadhi anakusikiliza. Umefanya mazoezi?"

"Mimi? Nchi nzima inaimba nyimbo zangu!"

"Nchi nzima haikukufundisha."

Ustadhi Karamat Khan ndiye aliyemfundisha, miaka kumi na minne. Sasa alikuwa ametuma neno: aje aimbe raga ya asubuhi, ule wimbo mrefu wa jadi, na akishindwa, asijiite tena mwanafunzi wake. Na Sadashivrao, pamoja na majivuno yake yote, hakuwahi kulitaja jina la mzee yule bila kugusa sikio kwa heshima. Kunyang'anywa jina hilo ni kufanywa yatima.

Akapanda jukwaani, mbele ya Ustadhi na watu wa mji. Akafumba macho, akaanza polepole, vizuri kabisa. Raga ile huchukua saa nzima kufunguka. Mara, kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni, akakaza mwendo, akapaa juu, akashuka, akamaliza. Dakika tatu. Akageukia kushoto, akatabasamu, akangoja.

Ambutai alijua anangoja nini. Wimbo wa filamu ni dakika tatu tu, na studioni hapo ndipo mwenye filamu hupaza sauti kwamba inatosha.

"Umemaliza, mwanangu?" Ustadhi akauliza. "Mimi nilikuwa bado nasafisha koo nikae sawa."

"Ustadhi, nimezoea..."

"Naona. Mtakatifu anasubiriwa mbinguni."

"Nipe nianze upya, nakuomba."

"Shika tambura, kaa nyuma ya mwenzako Yusuf. Siku utakayokaa saa nzima bila kumtazama mtu, njoo tuzungumze habari ya jina langu."

Yusuf akaimba. Sadashivrao, nyuma yake, akachezesha nyuzi nne zilezile za tambura, bila neno. Akatupa jicho kushoto mara moja, mara ya pili, kisha akaliinamisha.

"Mmeona?" bibi mmoja akanong'ona. "Ameweka nadhiri ya kunyamaza!"

Watu wakapanga foleni, wakaweka nazi miguuni pake. Kuwafukuza hakuweza, mikono yote miwili ilikuwa kazini.