Boksi la Mgeni Rasmi

Mtoto alizaliwa alfajiri ya Jumatano, wiki tisa kabla ya siku zake, na kufikia saa mbili asubuhi alikuwa anaguna. Kila pumzi na mguno wake, mfupi, wa mtu anayenyanyua mzigo. Kifua kilizama mpaka mbavu zikahesabika, kikapanda, kikazama tena. Mama yake, Naishorua, alisimama kando ya kitanda cha joto, damu bado inamtoka, naye akawa anaguna bila kujua.

Juzi yake alikuwa ametembea kutoka Nainokanoka, uchungu umemshika, hadi barabara ya ukingo wa kreta. Magari kumi na moja ya watalii yalimpita. La kumi na mbili lilikuwa lori tupu la mahindi, ndilo lililosimama na kumfikisha hospitali.

Muuguzi Laurencia alirekebisha mipira ya hewa puani mwa mtoto.

"Yeyo, mama yangu, nikwambie ukweli," alisema. "Huyu ni njiti, mapafu yake bado. Yananata kwa ndani kama mfuko wa nailoni uliolowa. Akitoa hewa yanagandana, anaanza upya kuyabandua. Atachoka."

"Hakuna dawa?"

Laurencia aliangalia jokofu jipya pale kwenye kona. Lilikuwa limezungushiwa utepe mwekundu, fundo lake limefungwa kama ua kubwa, utadhani zawadi ya harusi.

"Ipo," alisema.

Ipo, ndiyo! Boksi zima, chupa kumi na mbili za ute wa kutengenezwa kiwandani, kazi yake moja tu: kuyazuia mapafu yasigandane. Wafadhili walileta Jumatatu. Laurencia alikwishapelekwa Arusha wiki mbili kujifunza kuuingiza ute huo kwenye njia ya hewa ya mtoto kwa mpira mwembamba, akarudi na cheti. Sasa cheti kiko ukutani, dawa iko hatua nne kutoka kitandani, na katikati pana utepe. Utepe, jamani! Mgeni rasmi anakuja kesho saa nne kuzindua, na kitu cha kuzinduliwa hakiguswi kabla hakijazinduliwa. Nani asiyejua? Bomba linaweza kukaa miezi na maji yake ndani, watu wanachota dimbwini na ng'ombe, mpaka apatikane mkubwa wa kulifungua na kupigiwa makofi.

Daktari Modest, mganga mfawidhi wa hospitali, aliingia na ratiba ya sherehe mkononi.

"Daktari, niruhusu nitoe chupa moja tu," Laurencia alisema. "Utepe nitaufunga upya mwenyewe."

"Hotuba imeandikwa kumi na mbili."

"Mtoto anakufa."

"Usinipandishie sauti. Silvanus, mfawidhi aliyenitangulia, aliwaingiza wagonjwa kwenye wodi mpya kabla ya uzinduzi, kisa mvua. Yuko wapi leo? Nikihamishwa mimi, nani atawatibu hawa?" Akamgeukia Naishorua kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma kuliko yote. "Mama, vumilia. Kesho saa nne mwanao atakuwa wa kwanza kabisa. Utapiga picha na mgeni."

"Mwambie yeye avumilie," Naishorua alisema, akanyoosha kidole kitandani.

Modest alitazama saa yake, akatoka.

Mchana Laurencia alipoitwa chumba cha kujifungulia, Naishorua alikwenda kwenye jokofu akaukata utepe kwa meno. Nyuma ya lile ua palikuwa na kufuli. Alilivuta mpaka kucha ikang'oka. Laurencia aliporudi alimfunga kidole, kisha akaketi sakafuni akaushona utepe kwa uzi wa kushonea wagonjwa, huku machozi ya hasira yakimdondoka.

Alhamisi saa nne ikafika, mgeni hakufika. Saa tano simu ikaja: msafara umeteremka kreta kwanza, wafadhili wanataka kuona faru. Laurencia alimkimbilia Modest hadi kwenye hema la sherehe kuomba ufunguo. Modest alisema mgeni yuko njiani.

Saa sita kasoro mtoto aliacha kuguna. Laurencia alimbonyeza kifua kwa vidole viwili, akabonyeza, akabonyeza. Halafu akazima mashine ya hewa, akapiga ngumi mlango wa jokofu, akaenda kutafuta fomu ya kifo.

Naishorua hakusubiri fomu. Alimfunga mwanawe ndani ya shuka akatoka. Alitaka barabara ya kwao, basi. Lakini getini magari ya msafara yalikuwa yanaingia, ngoma zinapigwa, na njia yote imezibwa na hema. Akabaki amesimama pembeni, mikono imekumbatia shuka.

Mgeni rasmi alikata utepe. Aliinua chupa moja juu, akasema hakuna mtoto njiti wa wilaya hii atakayekosa pumzi tena. Makofi.

"Yule mama wa Kimasai yuko wapi, mwenye mtoto?" mshereheshaji aliuliza kwenye kipaza sauti. Mtu akamwona. Mikono ikamsukuma mbele, akajikuta kando ya mgeni. Modest alimwona akija, akaona shuka lilivyofunika mpaka uso. Akainamia ratiba yake.

"Amelala vizuri," mgeni alisema. "Anaitwa nani?"

"Hajapewa jina. Kwetu anapewa akishakua kidogo."

"Basi nampa langu!"

Hema zima likacheka na kushangilia. Naishorua alimtazama mtu huyu aliyenawiri, mwenye vumbi la kreta kwenye viatu. Akaushika mkono wake, akauingiza ndani ya shuka, akaukandamiza juu ya kifua kidogo.

"Mpe," alisema. "Mwite, tusikie."

Mkono ulishtuka, ukataka kutoka. Naishorua alikuwa ameushikilia kwa nguvu zote. Rangi ikamtoka mgeni, akaangalia kamera, akaangalia wafadhili kwenye viti vya mbele wakimshangilia.

"Mheshimiwa, tabasamu kidogo," mpiga picha alisema.

Naye akatabasamu.