Nia Ikikatika, Simama

Jumatatu moja ya Agosti, baada ya chakula cha mchana, Fusae Imabori alifuta meza ya ofisi, akasogeza sahani ya figili za kuchachusha mbali na kibodi, akaanza kuipandisha kompyuta ya karakana kwenye mfumo endeshi mpya. Upande wa pili wa mlango wa kioo, mtambo wa kufuma ulikuwa umezimwa kupisha kazi hiyo. Tsuneko, mfumaji, alikuwa akizungusha nyuzi za hariri huku redio ikitangaza mechi ya besiboli ya shule za sekondari. Mfumo wa zamani ulikuwa umeachwa na watengenezaji wake, na wenye maduka ya kimono pale Kyoto sasa walituma oda kwa programu ambayo haikutaka hata kuusikia.

Mtambo wa akina Imabori hausimami uzi ukikatika. Husimama nia ikikatika. Kosa lilikuwa la Fusae mwenyewe, tangu alipoandika programu ya kuuendesha akiwa bado mke mgeni katika nyumba ile, na mumewe, Eizo, akichora maua ya mishipi ya kimono pembeni yake. Kwa Kijapani uzi na nia hutamkwa vilevile, ito; ukiandika sauti hiyo, kompyuta hukuletea maneno yote yanayosikika hivyo uchague lako. Fusae alichagua la pembeni. Pale palipotakiwa kuwa "uzi ukikatika, simama", akaandika "nia ikikatika, simama", na mtambo ukatii, ukawa unasimama kila aliyeukaribia akiwa na nia isiyo nzima. Walipogundua, Eizo alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema liachwe hivyo hivyo, maana nyuzi Tsuneko anaziona kwa macho yake.

Mtaa ulizoea. Siku Tsuneko alipoamua kumwacha mumewe, mtambo ulisimama kabla hajamwambia mtu yeyote. Jirani mwenye duka la tofu alimleta mchumba wa binti yake, akamsimamisha karibu na mtambo huku akimpigia soga za hariri. Mtambo ukasimama, wote wakanywa chai ya shayiri, na arusi ikavunjwa kwa heshima. Mawakala wa bima walikuwa wakiongea na Fusae kutokea barabarani.

Eizo alipokufa, kila kitu kilibaki kuwa cha nyumba, na nyumba ikawa ya Ryohei, mdogo wake. Jengo, mtambo, jina la karakana, hata madhabahu yenye picha ya marehemu. Programu tu ndiyo iliyokuwa ya Fusae. Hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwa ujana wake wote alioumaliza mle ndani, na wala hakudai kingine.

Ryohei aliingia ofisini kwa mlango wa uani, pakiti ya biskuti za mchele mkononi.

"Shemeji, bado tu unalibembeleza hilo kopo?"

"Kopo lenyewe ndilo linalokulisha, bwana."

"Mimi nalishwa na mke wangu. Hilo linanipa kiungulia tu."

"Hebu pita humo umsalimie Tsuneko. Anasema umekuwa mkubwa siku hizi, hata salamu huna."

"Vumbi, shemeji. Kifua changu hiki hakitaki vumbi la nyuzi."

Tangu maua ya sakura yalipopukutika majira ya kuchipua, Ryohei alikuwa hakanyagi chumba cha kufumia. Hata leo, mtambo ukiwa umezimwa, aliuangalia kwa mbali kama watu wanavyomwangalia mbwa wa jirani.

Fusae alikuwa mtu wa hadhari. Alishatoa nakala ya kila kitu kabla ya kuanza, na alijua vifurushi vingegombana, kwa sababu hugombana kila mara. Programu huja kwa vifurushi, na kimoja hukitegemea kingine: kifurushi cha michoro, alichokiita eizo, kilikihitaji kifurushi cha kuendesha mtambo, alichokiita fusae. Halafu kuna kanuni moja isiyo na mjadala. Faili moja haliwi na wenyewe wawili.

Kazi ilipofika katikati, kompyuta ikasimama na kutoa taarifa. Kifurushi kipya kiitwacho imabori, kinachohitajika na programu ya oda, kilitaka kuandika juu ya faili la kusimamisha mtambo. Faili hilo lilikuwa mali ya kifurushi fusae.

Alidhani ni majina tu yamefanana. Akakifungua kifurushi kigeni kukitazama. Mtunzi: Ryohei Imabori. Kilikabidhiwa kwa chama cha wafumaji majira ya kuchipua, kitumike katika karakana zote za mji, kwa kumbukumbu ya kaka mpendwa. Fusae alisoma mistari mmoja baada ya mwingine, akaona tabia zake zote za kuandika, mpaka akafika mahali alipopajua. Nia ikikatika, simama. Hata kosa lake lilikuwa limebebwa lilivyo, bila kuguswa. Aliumia sana. Mtu akikuibia kazi akairekebisha, angalau ameisoma.

"Shemeji," alisema, "hili neno ni langu."

"Neno gani?"

"Hili hapa. Nilikosea mwenyewe, na kosa langu nalijua."

Ryohei alitafuna biskuti, akameza. "Ah. Hiyo. Chama walitaka jina la nyumba. Na jina la nyumba ndiyo mimi. Ningefanyaje?"

"Ungeandika la mwenye kazi."

"Si sote kitu kimoja hapa?"

"Kama ni kitu kimoja, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Ndiyo maana huingii humo ndani. Kumbe si vumbi."

"Sasa unataka kunifungulia kesi. Sikiliza, shemeji, wewe ulikuja na kaka. Kaka hayupo. Kuna siku nimekuambia uondoke? Chumba unacho, mezani unakula. Jina tu hilo, jina!"

Fusae aliigeukia kompyuta. Kikibaki kifurushi chake, cha Ryohei kisingeingia. Cha Ryohei kisipoingia, programu ya oda isingefanya kazi, na Tsuneko angekaa bure. Upande wa pili wa kioo, Tsuneko alikuwa amepunguza sauti ya redio. Fusae akaruhusu faili liandikwe juu, na kazi ikaendelea mpaka mwisho. Kifurushi cha michoro nacho kikatolewa, kwa kuwa hakikuelewana na mfumo mpya. Ndipo kompyuta ikauliza swali lake la kawaida la kumalizia, la usafi. Ilisema kuna kifurushi kilicholetwa kwa sababu ya kingine, na kwamba sasa hakihitajiki na yeyote. Fusae. Kiondolewe?

Ryohei alisoma akiwa nyuma ya bega lake. "Bonyeza ndiyo, shemeji. Kinakula nafasi bure."

Alibonyeza ndiyo.

Wiki hiyo hiyo viongozi wa chama walikuja na kibao cha shukrani chenye jina la Ryohei kwa maandishi ya dhahabu. Walitaka kupiga picha karibu na mtambo, na mwenye nyumba hakuwa na namna ya kuwaambia wageni habari za vumbi. Alivua viatu, akavaa ndara za ndani, akaingia. Mtambo ukasimama.

"Uzi umekatika?" aliuliza mwenyekiti wa chama.

"Uzi mzima," alisema Tsuneko.

Ryohei alirudi nyuma hatua moja, mtambo ukaanza kufuma. Akaingia tena, ukasimama. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa upole. Alisema hata kwake, tangu aweke programu hii, mtambo unasimama kila mkwe wake anapoleta hesabu, na kwamba ni programu nzuri sana. Wakapanga kupiga picha mlangoni, palipokuwa na mwanga mzuri zaidi.

Wageni walipokuwa wakipanga viti, Ryohei alimsogelea Fusae ofisini, akiendelea kutabasamu kwa ajili yao.

"Shemeji, nakuomba. Libadilishe. Si neno moja tu?"

"Mwenye programu ndiye anayerekebisha programu," alisema Fusae. "Jina limeandikwa pale, kwa dhahabu."

"Mimi hata sijui liko wapi!"

"Najua hujui."

Ryohei alicheka kwa sauti, ili wageni waone ni utani wa mashemeji. Picha ikapigwa. Kibao akakitundika Tsuneko ndani, juu ya mtambo, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kufika pale kazi ikiendelea. Karakana zote za mji zilitajiwa jina la mtunzi, na hakuna aliyeuliza la mwingine.

Wageni walipoondoka, Ryohei aliwasindikiza mpaka barabarani. Fusae alichukua sinia akaingia chumba cha kufumia kukusanya vikombe, kama alivyokuwa akiingia tangu arusi yake. Mtambo ukasimama.

Alibaki na sinia mikononi. Ryohei alikuwa mbali, sauti yake ilisikika kwenye kona, akiinama na kushukuru. Tsuneko alizipitia nyuzi zote kwa vidole, taratibu, ingawa wote wawili walijua.

"Kuna mmoja hapa," alisema Tsuneko, akafunga fundo mahali pasipokatika kitu.

Mtambo haukuanza. Fusae aliweka sinia chini, akarudi ofisini, akafunga kioo. Ukaanza.

Siku hizi Ryohei hukaa uani na Fusae hukaa ofisini akipokea oda, na Tsuneko hufuma peke yake kati yao. Neno bado liko pale pale. Fusae angeweza kuliweka sawa kabla chai haijapoa, lakini sahihisho lingetoka kwa jina la Ryohei. Saa ya mapumziko Tsuneko husukuma kioo, huuacha mtambo ukiendelea makusudi, na humpitishia kikombe.

"Leo je, Bi Fusae?"

Fusae huvua ndara ya ofisini, hupitisha mguu mmoja juu ya kizingiti. Mtambo husimama. Huurudisha mguu.

"Bado," husema.

"Haya, kunywa chai."