Kifaru Aliyeponywa kwa Msasa

Kwa wiki nzima Muthoka alikuwa amewasomesha wachongaji wa Wamunyu habari za saratani, hata wale waliojaribu kumkimbia. Daktari Firdaus, tabibu wa wanyama pori, alikuwa amemwagiza achonge kifaru wa mti ambaye ubavu wake unafunguka kama mlango wa kabati, ili wanafunzi waone jinsi ugonjwa unavyosafiri mwilini. Si kitu cha kuuzia watalii. Kitu cha darasani!

"Unaanzia kwenye ngozi, chini ya pembe," alimweleza Wathome, jirani yake wa karakana. "Chembe zinaasi. Zinashuka kwenye tezi za shingo, zinaingia kwa damu, zinajenga kwenye mapafu."

"Bila kibali?"

"Bila kibali!"

Ni mtu mmoja tu ambaye hakuelezwa: mkewe Syokau. Katika karakana yao mume alichonga, mke akapiga msasa, na Muthoka hakuona haja ya kumsumbua mtu wa msasa kwa mambo ya damu.

Siku ya daktari kuja, Muthoka alinyoa ndevu, akavaa koti, akafungua ubavu wa kifaru. Mapafu yaling'aa kama viatu vya askofu.

"Mama Wanza! Uvimbe uko wapi?"

"Vile vinundu?" Syokau alijipangusa vumbi kwa fahari. "Nimevitoa vyote. Hata vya shingoni, hata kile kikubwa cha kwa pembe. Nilikuonea huruma, nikasema huyu mzee siku hizi haoni vizuri."

Wathome alishika ukuta kwa kicheko. "Aiya! Apelekwe hospitali awasaidie madaktari! Ametibu mpaka tezi!"

Gari la daktari lilikuwa limeshasimama nje. Muthoka akafunga ubavu, akauegemea kama mtu anayeota jua. Daktari alipomsalimu, yeye akauliza habari za mvua, za barabara, za mama mzazi wa daktari.

"Mama ni mzima. Nionyeshe mapafu, mzee."

Muthoka akasogea, akafungua ubavu. Daktari akachungulia kwa muda.

"Mzee Muthoka, huyu ana afya kunishinda mimi. Na darasa ni kesho. Nitafundisha nini?"



"Ni mimi nilimsugua, daktari," Syokau akasema. "Huyu aliwaambia wote, mimi hakuniambia." Akachomoa motoni chuma cha kuchorea mistari ya punda milia, kimeiva chekundu. "Sasa niambie. Ugonjwa ulianzia wapi?"

"Hapo chini ya pembe," Muthoka akasema kwa sauti ndogo.

Tsss. Doa jeusi. "Kisha?"

"Tezi za shingo."

Tsss. "Kisha?"

"Damu, mpaka mapafu."

Syokau akasita. "Mwili mkubwa hivi, nafasi yote hii, mbona usitulie tu huko kwa pembe?"

Muthoka akamgeukia daktari, naye daktari akajibu.

"Chembe hizo, mama, mwili ukiziambia basi, hazisikii."

"Kama Baba Wanza," Syokau akasema, akainamia mapafu. Moshi ukapanda. Doa likazaa doa, madogo kwa makubwa, huku na huku.

"Hivyo hivyo!" Daktari alipiga makofi. "Ndivyo ugonjwa unavyotapakaa. Huyu nampakia sasa hivi."

Lakini Syokau alikuwa amenogewa, na sasa chuma kilielekea kwenye ini.

"Basi, Mama Wanza!" Muthoka akadaka mkono wake. "Utamuua!"

"Kwani hiyo si ndiyo kazi ya ugonjwa?"