Picha za Kuweka Msalaba

Sirili aliingia studio ya picha mjini Moshi, akatupa flashi mezani bila salamu wala kumtazama aliyekaa hapo.

"Dada, humo kuna picha zote za mzee. Jumamosi tunamwekea msalaba kaburini, kule Kibosho. Chagua nzuri, uje uzionyeshe mwenyewe kwenye skrini." Akatoka akiongea na simu.

Mektrida, mpiga picha wa studio ile, aliiokota flashi. Mzee huyo alikuwa baba yake pia.

Mwingine angesamehe. Yeye hakusamehe, na kwa nini asamehe? Siku ya mazishi, watoto wa marehemu walipoitwa kuweka mashada, Mektrida alisimama na shada lake. Mama yake hakuolewa na mzee, ni kweli, lakini mzee alimsomesha na ukoo mzima ulijua ni binti yake. Sirili, mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa, alinong'ona tu, hata kumtazama usoni hakumtazama. Vijana wawili wakamkamata Mektrida mikono, wakamtoa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, watu wakiona. Aibu ile haikumtoka, na hasira ndiyo kabisa.

Aliichomeka flashi kwenye kompyuta. Picha zote zilikuwa zimebanwa ndani ya faili moja kubwa. Programu ya kufungulia mafaili ya namna hiyo ikamwonyesha kilichomo: folda juu ya folda, mamia ya majina. Akawa anaingia folda moja, anachungulia picha, anarudi, anaingia nyingine. Baba akichuma kahawa. Baba na ng'ombe wake wa maziwa. Halafu Sirili akiegemea gari. Sirili na miwani ya jua. Sirili akilishwa keki. Kumbe huyu bwana alikuwa amejipakia humo mwenyewe, tena bila haya!

Kwanza alitaka kumwondoa kabisa. Kisha likamjia wazo tamu zaidi, akacheka peke yake.

Akashikilia kitufe cha Ctrl, akaanza kubonyeza. Sirili. Sirili. Tena Sirili. Kila penye baba, aliruka. Karibu na mwisho kidole kiliteleza kikaachia kitufe, akabonyeza jina moja na alama za yote aliyoyachagua zikafutika. Akatukana, akaanza upya kwa raha ya mtu anayeongezewa pombe ya mbege. Alipomaliza, akaiamuru programu itoe zilizochaguliwa tu.

Jumamosi, baada ya misa, ukoo ulikaa migombani na sahani za machalari ya ndizi na nyama. Mbele kabisa alikaa Shangazi Zita, dada wa marehemu. Mektrida akawasha. Wimbo wa maombolezo ukaanza, mishumaa ikawaka pembeni mwa skrini, na katikati akatokea Sirili na gari lake. Chini yake: Pumzika kwa Amani. Kisha Sirili na miwani, pumzika kwa amani. Sirili na keki, pumzika kwa amani.

Minong'ono ikapita viti vyote. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Yesu na Maria!" Shangazi Zita alisema kwa sauti. "Sirili, umekufa lini mwanangu, mbona hatukuambiwa? Na kaka yangu yuko wapi?"

Sirili aliruka toka kitini, uso umemwiva, akamwendea Mektrida. "Zima! Zima hiyo! Wewe binti una akili kweli? Weka picha za baba!"

"Shikamoo, kaka," alisema Mektrida.

Sirili alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamtambua.

"Picha za baba ziko humu, nzima," Mektrida aliendelea, mkono ukiwa juu ya kompyuta. "Nabonyeza mara moja tu zinatoka. Lakini kwanza chukua kipaza sauti uwaambie watu mimi ni nani."

"Usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Ulinifanyia mbele ya hawahawa."

Skrini bado ilimwonyesha akilishwa keki kati ya mishumaa. Shangazi Zita aligonga fimbo chini. "Sema, Sirili. Sote tunajua. Sema tumwone kaka yangu."

Sirili akachukua kipaza sauti kana kwamba kinamchoma. "Huyu ni... ni Mektrida," alisema chini chini. "Ni mtoto wa baba. Ni dada yangu."

Mektrida hakugusa kompyuta.

"Kule nyuma hawajasikia, kaka," alisema. "Rudia."