Chumba cha Katikati

Tone la kwanza liligonga kitako cha sufuria. Ti. Kimya. Halafu ti, ti, ti, na gizani nikajua maji yamekuja.

Hapa Gatina, Kawangware, mfereji hutoa maji pale wenyewe unapotaka, na mara nyingi unataka saa kumi alfajiri. Kwa hivyo huwa nalala nimeuacha wazi, na chini yake nimeweka sufuria kichwa chini ndani ya beseni ili sauti iniamshe. Niliondoa sufuria, nikajaza mitungi miwili na ndoo ya kufulia, polepole, maana Mwikali akiamka saa hiyo halali tena. Ana miaka minne. Alikuwa amelala katikati ya kitanda kama mwenye nyumba, mimi nimebakishiwa ukingo.

Nilipomaliza nikaketi kwenye huo ukingo. Ng'ambo ya ukuta mtu alikohoa. Nimeishi kwenye ghorofa hii miaka mitatu na mtu huyo hukohoa kila alfajiri, lakini sijui jina lake. Sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Ilikuwa Jumapili. Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa nimpe Kyalo jibu.

Kyalo ni broka, dalali wa nyumba. Ni mtu wa Kitui kama mimi, na huanza kila mazungumzo kwa kunikumbusha hivyo. "Nzilani wa kwetu, niachie hivyo vyumba vyako vitatu," aliniambia. "Kibera ni ya wenyewe. Wewe ni mtu wa daftari." Bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile niliyonunulia. Lakini alijua kwamba chama chetu cha akiba kilinikopesha nusu, na kwamba kodi ya vyumba viwili haitoshi kulipa mkopo huo. Ilihitajika ya vitatu. Chumba kimoja, kile cha katikati, kilikuwa kitupu tangu Aprili.

Acha nieleze nilivyofika hapo, kwa sababu kuna watu wananiuliza, hasa akina mama tunaofanya kazi ya kupiga pasi pamoja.

Nilisoma masomo ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne Mwikali akiwa mgongoni, halafu nikaingia darasa la biashara ndogo ndogo katika ukumbi wa kanisa hapa hapa Gatina. Mwalimu wetu, Mwalimu Nashon, alitufundisha kununua nyumba za kupangisha kama mtu anavyofundisha kuvuka barabara. Nendeni mkaone chumba mvua ikinyesha. Ulizeni choo kinatapishwa na nani, na lini. Ulizeni ardhi ni ya nani, kwa maana sehemu nyingine mnanunua kuta na mabati tu, na anayejifanya hajui hilo atalia baadaye. Wekeni kando kitu cha kuziba paa. Muuzaji akiwaharakisha, ondokeni. Akiongeza sharti baada ya kulipwa, ondokeni mbio.

Niliandika yote. Na nilifanya yote. Nilitafuta mwaka mzima nikapata vyumba vitatu vya mabati Soweto West, Kibera, mali ya Mzee Hamdan, Mnubi wa mtaa wa Makina, hapo hapo Kibera, ambaye mama yake ndiye aliyevijenga. Nilienda kuviona siku ya mvua, buti zikajaa matope, paa halikuvuja hata tone. Mashahidi walitia sahihi, chifu akapiga muhuri. Mwezi wa Machi nikatoka nimekumbatia bahasha, nikatamani sana kumpigia mtu simu nimwambie. Nilipitia majina yote kwenye simu yangu. Mutinda, baba yake Mwikali, yuko Qatar analinda maghala. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga kila Ijumaa. Tangu Pasaka ya mwaka jana hajapiga. Nikamwambia Mwikali, "Mama amenunua nyumba." Akauliza kama ina mbwa.

Siku ile ya muhuri, Mzee Hamdan aliniambia jambo moja nje ya ofisi. "Jumamosi uje asubuhi. Beba sukari kilo mbili na majani chai. Tuzunguke ploti, nikuonyeshe watu."

Nilitabasamu, nikasema sawa, Mzee. Sikuenda.

Aprili mpangaji wa chumba cha katikati alirudi kwao. Nikaenda nikatia kufuli jipya, nikapigilia kibao chenye namba yangu. Mwanamke wa chumba cha kwanza, Wangoi, alikuwa mlangoni akimenya viazi vya biashara yake ya bajia. Nilimwambia habari, akasema nzuri, nikaondoka. Yeye na jirani wa chumba cha tatu hunitumia kodi kwa simu. Nikaona ndivyo biashara safi inavyokuwa: hakuna kugongana wala kelele.

Watu sita walipiga simu kuhusu kile chumba. Wote walienda wakakichungulia dirishani, wote wakapotea. Alhamisi ya wiki hiyo, yule wa sita, msichana mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenihurumia akaniambia ukweli. "Madam, chumba ni poa. Lakini niliuliza majirani mwenyewe ni mtu wa aina gani. Wakaniambia hawamjui, hawajawahi kuongea naye. Sasa nikaogopa. Kukiwa na shida nitamwambia nani?"

Kulipopambazuka Jumapili hiyo nilimvisha Mwikali sweta, tukapanda boda mpaka Makina.

Mzee Hamdan alikuwa amekaa kibarazani, mguu mmoja juu ya stuli. Mkewe, Mabruka, alikuwa akichagua mchele kwenye sinia.

"Mwenye nyumba!" Mzee aliita. "Karibu, karibu. Na huyu ndiye mrithi?"

Tulikaa. Mabruka akampa Mwikali andazi, akampapasa nywele, akasema zimesukwa vizuri. Nilizisuka mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kusema jambo kuhusu kazi ya mikono yangu, na nusura nisahau kilichonileta.

"Mzee, chumba cha katikati kimekataa kupata mtu."

"Kimekataa, au kimekataliwa?"

"Majirani wanasema hawanijui."

"Kwani wanakujua?"

Nilikung'uta makombo ya andazi kwenye sweta ya Mwikali.

"Ile Jumamosi nilikungoja mpaka adhuhuri," alisema. "Nilivaa kanzu. Nilivaa na kofia mpya. Muulize huyu."

"Alikaa hapo kama bwana harusi," Mabruka alisema bila kuinua macho.

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sema tu, hapa hakuna chifu."

"Nilidhani unataka kitu kidogo, Mzee. Nimeshalipa, halafu naambiwa nilete sukari. Mwalimu alitufundisha kwamba muuzaji akiongeza sharti baada ya..."

Mabruka aliweka sinia chini. Alimtazama mumewe, kisha akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Huyu? Sukari? Ana kisukari mwaka wa tisa! Akilamba kijiko kimoja nampeleka hospitali na mkokoteni!"

Mzee naye alicheka, lakini kidogo, na kicheko kilipoisha aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa viatu mguu usio wake.

"Sukari ilikuwa ya wale watu, mwanangu," alisema. "Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nilipopewa vyumba nilizungushwa hivyo hivyo. Anayeuza anamshika mkono anayenunua, wanagonga kila mlango. Mnakunywa chai ya mpangaji kwa sukari ya mwenye nyumba mpya. Unamwona, anakuona. Muhuri wa chifu umekupa mabati, sawa. Lakini mvua ikiingia usiku, Wangoi ndiye anasikia. Wewe uko Kawangware umelala. Choo kikijaa, Wangoi. Mtu akija kutafuta chumba, anamuuliza nani?"

"Wangoi."

"Ehe. Sasa Wangoi atasema nini? Kwamba mwenyewe ni namba ya simu?"

Masikio yaliniwaka moto. Miezi minne nilikuwa nimelaumu rangi ya mlango, nikalaumu kibao, nikailaumu hata Kibera yenyewe. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika swali la choo na swali la paa. Sikuwa nimeandika mahali popote kwamba ndani ya vile vyumba kuna watu, na kwamba wao pia wangependa kujua wamepata mtu wa aina gani.

"Twende basi, Mzee. Leo. Nitanunua sukari hapo dukani."

Aligonga goti lake kwa kidole. "Hili lilikuwa linatembea mwezi wa tatu. Sasa hata kwa choo napelekwa. Utaenda peke yako."

Peke yako. Nimefanya mengi peke yangu. Nimemzaa Mwikali Mutinda akiwa ameshaondoka, nimefanya mtihani nikiwa na maziwa yaliyolowesha blauzi, nimebeba mitungi ngazi nne. Lakini sikujua mtu anajishikaje mkono, akajipeleka mlangoni kwa watu, akajisema.

Tulinunua kilo mbili na pakiti ya majani. Tuliteremka kwa miguu kuelekea Soweto West, Mwikali akiruka mitaro na kuimba kitu alichokizua mwenyewe. Jua lilikuwa limetoka. Mbele yetu maghorofa ya Nyayo Highrise yalisimama na nguo zilizoanikwa kwenye kila baraza, na huku chini kila mlango ulikuwa wazi, redio mbili zikishindana, watu wakiitana kwa majina. Nilipokaribia, nilihesabu wangapi kati yao walijua langu. Haikuchukua muda.

Njiani nilijaribu maneno. "Mimi ndiye mwenye nyumba." Yalinitisha hata mimi, kama askari amebisha hodi. "Mimi ni mpangaji kama ninyi." Hiyo ilikuwa kweli, nami pia nalipa kodi kwa mtu nisiyemjua sura, lakini ilisikika kama ujanja. "Samahani." Samahani kwa nini? Ningeanzia wapi?

Wangoi alikuwa mlangoni, beseni la viazi kati ya magoti. Pembeni yake mlango wa katikati ulikuwa umefungwa kwa kufuli langu, na kibao changu kilikuwa kimeinama upande mmoja. Aliniona kutoka mbali. Hakuacha kumenya.

"Haiya!" alimwambia jirani aliyekuwa akianika nguo. "Njoo uone. Ile simu imeota miguu!"

Jirani alicheka. Ndani ya chumba cha tatu mtu mwingine akacheka pia.

"Habari zenu," nilisema.

"Zetu tunazo. Si tunatuma tarehe tano? Hatujachelewa."

"Hapana, hamjachelewa."

"Umekuja kuongeza rent?"

"Hapana."

"Kufungia mtu?" Alionyesha kufuli kwa kisu, kwa dharau kidogo. "Kwa sababu kufunga unajua."

"Hapana, mama. Sikuja kwa ubaya."

"Sasa umekuja nini?"

Nilianza kuinua mfuko. Mfuko ulikuwa mzito mkononi, na ghafla niliona jinsi utakavyoonekana kama rushwa, mimi niliyemdhania Mzee rushwa. Yale maneno yote ya njiani yaliondoka. Wangoi alikuwa ameacha kumenya sasa, kisu kimesimama juu ya kiazi, na jirani alikuwa amekumbatia nguo zake zenye unyevu. Walikuwa wakingoja. Ndani, mtu alipunguza redio. Nilijua kwamba nikigeuka sasa, kesho nitampigia Kyalo, na vyumba vya mama yake Mzee vitapata namba nyingine ya simu.

Mwikali aliuachia mkono wangu. Alikwenda akachuchumaa mbele ya beseni, akaangalia maganda yaliyokuwa yakielea, kisha akamwangalia Wangoi usoni bila haraka yoyote.

"Na wewe je?" Wangoi alimuuliza, na sauti yake ilikuwa tofauti. "Wewe ni nani?"

"Mimi naitwa Mwikali, na huyu mama yangu anaitwa Nzilani."